Nilivyomwacha Mama Aitwe Mzimu

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka kwa masikio kuliko kwa macho, kwa sababu siku hiyo macho hayakuwa na kazi. Ukungu ulikuwa umeshuka kijijini kwetu Kinole tangu adhuhuri, ule ukungu wetu wa Uluguru usio na haraka. Unameza kwanza migomba ya juu, kisha mifenesi, kisha mapaa, mpaka mtu akinyoosha mkono anauona kama mkono wa mtu mwingine. Nilikuwa bombani nakinga maji. Mara akatokea jirani yetu Mama Asha, anateremka mbio kutoka mashamba ya juu, hana jembe, hana kapu, ndala mguu mmoja.

"Nimemsikia," akasema. "Wallahi nimemsikia Binti Salumu anaimba."

Wanawake waliokuwa bombani waliacha ndoo zao zikafurika. Binti Salumu alikuwa mama yangu. Tulikuwa tumemzika miezi mitatu nyuma.

"Anaimbaje?" akauliza Bibi Tatu, mkubwa wa umri pale bombani.

"Anabembeleza mtoto. Ule wimbo wake mwenyewe. Na pale katikati anakata, anavuta pumzi, kama alivyokuwa. Nimejibanza nyuma ya mti mpaka aliponyamaza. Na kanga yake nimeiona, Bibi, ile ya kahawia, inapita kwenye ukungu. Mtu simwoni, kanga naiona."

Bibi Tatu akanigeukia. "Pole, baba," akaniambia. "Mama yako hajatulia."

Nikajitwika ndoo yangu nikaondoka. Aliyekuwa akiimba ni mimi.

Nikueleze vizuri. Baba alimtangulia mama kwa mwaka mmoja. Mama alipomfuata, nilikuwa na miaka kumi na minne, niko darasa la sita, na sauti yangu bado ilikuwa nyembamba kama ya mtoto wa kike. Nyuma yangu alikuwapo mdogo wangu Mwanaidi wa miaka tisa, kisha Rajabu wa miaka sita, kisha Zena, ambaye alikuwa hajaanza kutembea. Shule niliiaga siku ya tatu ya matanga. Hakuna aliyenilazimisha; nilimtazama Zena akitambaa kuelekea jikoni, nikajua madaftari yangu yamekwisha.

Siku ya mazishi, mjomba wangu Kibwana, kaka mkubwa wa mama na ndiye msemaji wa ukoo wetu, alinibana bega na kuniambia, "Kaza moyo. Mwanaume halii." Nikakaza. Nilikaza mpaka taya zikaniuma. Lakini wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na mtoto wa miezi kumi hajui kama mlezi wake amekaza moyo. Anataka abebwe, apewe uji, aimbiwe. Hizo zote nilizifanya. Nilimfunga mgongoni kwa kanga ya mama kwa sababu akinusa kanga hiyo alinyamaza.

Ugumu haukuwa kazi. Ugumu ulikuwa dukani, penye baraza la bao. Nikipita na mtoto mgongoni nasikia kete zinasimama.

"Shikamooni," nasema.

"Marahaba, Mama Zena! Maziwa yametoka leo?"

"Mwacheni, ana kiungulia. Mimba ya pili hiyo!"

Wanacheka mpaka wanakohoa. Hawakuwa watu wabaya, mwanangu. Wawili kati yao walikuja kunirudishia paa lilipoezuliwa na upepo. Ila walikuwa hawajui mwanaume anayelea aitwe nani, na mtu asiyekuwa na jina la kitu hukicheka. Jambo la ajabu, sisi Waluguru ndio tulipaswa kujua. Kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwanaume akioa hulima shamba la mkewe bila kuona haya. Lakini jembe lilikuwa halimwaibishi mtu. Mbeleko ndiyo iliyomwaibisha.

Basi nikatafuta ujanja. Nikawa namficha Zena. Ukungu ukishuka nambeba kwenda naye shamba la juu, kwenye migomba na iliki za ukoo, kwa njia ya mkato ya korongoni ambako hapiti mtu; ndiyo iliyonifikisha bombani kabla ya Mama Asha siku ile, Zena nimeshamwacha nyumbani. Huko ndani ya ukungu, ambako hata mimi sikujiona, niliimba. Mama alikuwa na wimbo alioutunga mwenyewe, wa kutaja miti ya shamba lake mmoja mmoja, akimwambia mtoto huu ni wako na huu ni wako. Kwa kuwa aliuimba akipanda mlima, katikati alikata kuvuta pumzi. Nami nilijifunza wimbo huo pamoja na pumzi zake. Nisipokata pale, Zena alilia.

Habari ya bombani ilifika kila nyumba kabla ya magharibi. Kesho yake watoto hawakutumwa juu. Wiki iliyofuata wachuma iliki walisema wamemsikia tena, mara mbili. Mmoja alisema miguu haigusi chini. Mwingine akasema ukimwita kwa jina lake anageuka, na chini ya kanga hakuna uso. Nilikuwa nakaa kwenye kizingiti, namnywesha Zena uji, nasikiliza watu wakimvua mama yangu uso, wakimkata miguu. Nikanyamaza. Sentensi moja tu ingetosha: ni mimi. Nilipoifikiria niliziona kete za bao zikisimama, nikaimeza.

Tena kuna kitu nilikiona mwenyewe kikanitisha. Watu walitaja siku walizomsikia, nami nikazihesabu kimoyomoyo. Siku nyingine zilikuwa zangu. Jumatano moja haikuwa yangu. Jumatano hiyo nilikuwa Morogoro Mjini tangu alfajiri, nimeshusha ndizi sokoni, Zena nimemwacha na Mwanaidi. Nikajiambia wamekosea siku.

Mjomba Kibwana aliita kikao nyumbani kwetu Alhamisi baada ya alasiri. Ilisomwa dua, kisha akasema.

"Marehemu hapumziki. Na sababu tunaijua. Watoto wake wako mikononi mwa mwanaume, na mwanaume hana mikono ya kulea. Ndiyo maana mama yao anakuja kulea mwenyewe." Akagawa. Rajabu atachukuliwa na mfanyabiashara mmoja wa mjini, rafiki yake. Mwanaidi ataenda kwa Bibi Tatu. Zena atafuatwa Jumapili na mama mdogo wetu aliyeolewa Turiani. "Na wewe," akaniambia, "utabaki na shamba. Utakuwa huru sasa, uwe mwanaume."

Mwanaidi alinitazama, kwa sababu yeye alijua. Alikuwa ameshanisikia nikiimba jikoni. Alifungua mdomo. Nikamkazia macho, akaufunga.

Nakiri mbele yako, mwanangu: nilimnyamazisha mtoto wa miaka tisa ili nisichekwe.

Rajabu aliondoka Ijumaa asubuhi, amevaa shati langu la shule. Hakulia. Nilikuwa nimemwambia mwanaume halii.

Jumapili mchana ukungu ulishuka mzito kuliko siku zote. Mama mdogo alikuwa ameshafika, anakula kwa mjomba, na wakubwa wa ukoo wamekaa huko wakimsubiri mtoto. Nilimfunga Zena mgongoni, nikasema nampeleka shamba la juu mara ya mwisho. Nilikuwa nimeapa sitaimba. Nilifika kwenye iliki, nikasimama. Maji yalidondoka majanini, kingine chochote sikukisikia, hata ndege. Zena akaanza kulia. Nikambana, nikamtikisa, nikamwekea kidole mdomoni. Akalia zaidi. Nikakaza midomo yangu mpaka nikaonja damu.

Ndipo wimbo ukaanza ng'ambo ya korongo.

Haukuwa mwangwi, maana nilikuwa sijatoa sauti. Ulianza taratibu, ukataja mti wa kwanza, ukataja wa pili. Pale katikati ukakata. Nikasikia pumzi ikivutwa, ndefu, ya mtu aliyechoka na mlima. Kisha ukaendelea. Zena alinyamaza mara moja. Nilihisi kichwa chake kikiinuka begani kwangu na kugeukia kule, na mikono yake midogo ikaachia shingo yangu, ikanyooshwa mbele, kama mtoto anavyonyoosha mikono anapofuatwa na mama yake.

Sijui ni nani aliyekuwa akiimba. Mwanaidi alikuwa nyumbani kwa mjomba anaosha vyombo, watu kumi walimwona. Nimeishi na jambo hili miaka mingi, nimeliuliza kwa mashehe na kwa watu wenye elimu zao, nikaacha kuuliza. Ninachojua ni kilichonipata: niliona aibu kuliko nilivyoona hofu. Kama ni mama kweli, basi alikuwa ameinuka kufanya kazi ambayo mimi niliye hai nilikuwa naikataa kwa kuogopa wacheza bao.

Nikateremka. Sikupita korongoni, nilipita njia kuu, mbele ya duka, mbeleko mgongoni. Nikaingia uani kwa mjomba huku nahema.

"Mjomba, shikamoo. Si mama. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ninayeimba ni mimi."

Mtu mmoja akaguna kicheko. "Haya, Mama Zena, tuimbie basi!"

Alitania, lakini niliimba. Nilisimama katikati ya wakubwa wa ukoo wangu, nikatikisa magoti kama anavyofanya mtu mwenye mtoto mgongoni, nikataja mti mmoja mmoja, nikakata pale katikati, nikavuta pumzi. Mama Asha, aliyekuwa jikoni, alitoka na mwiko mkononi akaketi chini. Nilipofika mwisho nikagundua nalia, na nimekuwa nikilia tangu mti wa tatu, na sikuweza kuacha. Miezi mitatu yote ilitoka hapo uani.

Mjomba Kibwana alivua kofia yake, akaitazama ndani kama anatafuta kitu. Akasema polepole, "Yaani uliona afadhali mama yako aitwe mzimu kuliko wewe kuitwa mama?"

Hajawahi mtu kunipiga kwa fimbo kama neno lile lilivyonipiga. Lakini hakuishia kwangu. Alijigeukia mwenyewe, mbele ya watu: "Na mimi niliyemwambia asilie, nimefanya nini?"

Bibi Tatu peke yake ndiye aliyeuliza, "Na leo, baba? Huko juu tumesikia pia, sasa hivi tu. Uliimba leo?"

"Sikuimba, Bibi."

Bibi Tatu akageuka, akatazama mlimani. Mama mdogo alichukua mkoba wake, akasema mtoto ana mlezi, akarudi Turiani mikono mitupu; Mwanaidi naye akabaki nami.

Usidhani yote yalikwisha vizuri. Rajabu alikuwa ameshakwenda. Tulipomfuata mjini, yule mfanyabiashara alikuwa ameshahamia mji mwingine naye, na ilituchukua miaka mitatu kumpata. Aliporudi alisimama mlangoni akaniambia "shikamoo" kama mtu anavyomwamkia mgeni, akaomba aonyeshwe pa kulala. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wa kimya changu ulimwangukia mdogo wangu. Sasa ni mtu mzima, tunaelewana, lakini mpaka leo sijui alivyokuwa akiwa na miaka saba, wala minane, wala tisa. Nitakufa sijui.

Mwanangu, ninakuandikia kwa sababu nasikia nyumba yako imebadilika. Kazi imekuishia, mkeo ndiye anayeamka kwenda ofisini, wewe unabaki na mtoto. Nimeambiwa ukipigiwa simu unasema uko safarini, na kliniki unapita njia ya nyuma kofia imefika puani. Nimeijua njia hiyo ya korongoni. Wenzako watakucheka kijiweni na kwenye simu zao, na siku ukichoka watakuambia kaza. Wengi wanampima mwanaume kwa anacholeta mlangoni, na hawajajifunza kumwuliza hali yake akiwa ndani. Usiwachukie. Ila usimlipishe mtu yeyote kimya chako.

Nasaha yangu ni hii. Mlee mwanao mchana, kwenye njia kuu, kwa sauti. Ukitukanwa, itikia salamu upite. Ukielemewa, mwambie mkeo, mwambie mzee mmoja unayemwamini, na ukilia mbele yake hujapungua kitu. Mwanao wa kiume usimwambie mwanaume halii. Mimi nilimwambia Rajabu, akanitii, na utii ule ndio uliomgeuza mgeni. Nanyi mnaocheka penye bao, mjue neno lenu linaweza kumwondoa mtoto kwao. Mkono mmoja haulei mwana, na hakuna aliyesema mkono wa pili lazima uwe wa mwanamke.

Mungu akupe mgongo wa kubeba na uso wa kuonekana ukibeba. Akupe nyumba ambayo aliye hai hamwachii marehemu kazi yake. Na mwanao akikuita mbele za watu, Mungu akujalie uitike wito wa kwanza.