Spika za Nyuma

Baba yangu alipopoteza macho kwa ugonjwa wa sukari, nilimhamishia kwangu Mugumu ili awe karibu na hospitali. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, na wakati huo nilikuwa naishi peke yangu. Yeye alikuwa mfugaji. Alikaa boma moja tangu kuzaliwa, upande wa Tarime, kijiji kisicho mbali na Kewanja, penye mgodi wa dhahabu. Mama yetu amezikwa pale, babu na bibi pia. Wiki za kwanza alikaa sebuleni kwangu akiuliza maswali yale yale: jua liko wapi sasa, mlango unaangalia wapi, huyo anayepita nje ni nani. Aliniita mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake, na kila alipouliza nilimjibu, hata kama nilikuwa nimeshajibu asubuhi.

Mdogo wangu ndiye aliyeleta mtambo. Tumebaki wawili tu, mimi na yeye. Anafanya kazi ya kutoa mizigo forodhani Sirari, na miaka ya kukaa pale mpakani imemfanya aongee Kiswahili kama cha watu wa Isebania, ng'ambo ya pili, Kenya. Alikuja Jumamosi moja na pikapu iliyobeba kompyuta ndogo ya kuunganisha na TV, amplifaya, spika tano na sabufa.

"Tata, hii si redio," alimwambia baba. "Redio inakuongelesha kwa mbele. Hii itakuzunguka."

Alifanya kazi siku mbili. Spika tatu alizipanga mbele, chini ya TV, na mbili akazipigilia ukutani nyuma ya kiti cha baba. Alipomaliza aliweka filamu moja yenye mvua kubwa. Sauti ya matone ilianzia mbele, ikapita juu yetu, ikashuka mgongoni. Baba alinyoosha kiganja hewani, kama anayepima kama bati linavuja. Halafu akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu macho yake yazimike, na nilimpenda mdogo wangu siku ile kuliko siku nyingine yoyote.

"Mura," baba akamwambia, yaani kijana kwa Kikurya, "unaweza kuniletea ng'ombe wangu humu?"

Akasema anaweza. Alikuwa na rafiki Sirari anayerekodi harusi, mwenye kinasa sauti chenye maikrofoni za mbele na za nyuma. Angekiazima, aende nacho bomani jioni ng'ombe wakirudi na mchungaji wa kuajiriwa, akiweke kwenye kigoda katikati ya zizi.

Alifanya hivyo kweli. Alileta ile rekodi baada ya wiki mbili, siku ambayo mimi nilikuwa shuleni nasimamia mtihani. Niliporudi nilimkuta baba kwenye kiti chake, na sebule imejaa kengele na kwato na ndama wanaolilia mama zao. Alikuwa akiwatambua mmoja mmoja na kuwaita kwa majina. Mdogo wangu alikuwa ameshaondoka bila kula, jambo ambalo nyumbani kwetu halifanyiki. Nilidhani ameitwa kazini.

Kuanzia hapo baba alisikiliza ng'ombe wake kila siku saa kumi, saa ambayo zamani alikuwa akisimama langoni kuwahesabu. Alipokuwa akisikiliza sikuthubutu hata kuosha vyombo.

Baada ya muda akaanza kulalamika.

"Mama, mvua ile ya kwanza ilinizunguka. Ng'ombe mbona wamesimama wote mbele, kama wako kwenye foleni? Mimi zizini nilikuwa nasimama katikati yao."

Nikaweka ile filamu ya mvua. Kweli, mvua nayo ilikuwa imehamia mbele. Nikasogeza sikio kwenye spika za nyuma, moja baada ya nyingine. Kimya.

Nilimpigia mdogo wangu.

"Ni umeme wa huko kwenu, dada," akasema. "Umekuja mwingi ukaunguza hizo spika. Wacha tu, usiguse. Nitakuja na fundi."

Hakuja. Mara malori yamekwama mpakani, mara fundi amesafiri, mara yeye mwenyewe ana homa. Kila nikipiga simu alimalizia na neno lile lile, usiguse. Nilimwamini. Yeye ndiye aliyefunga vitu vile, na mimi nilikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Likizo ilipoanza sikuwa na kisingizio. Jumamosi asubuhi nilisogeza meza ya TV, baba akiwa kwenye kiti chake anakunywa uji, nikaanza kutafuta tatizo kwa jinsi ninavyowafundisha wanafunzi: usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja.

Kwanza niliangalia nyaya. Waya wa spika ya nyuma ya kushoto ulikuwa umelegea. Nikaukaza, nikafurahi, nikaweka mvua. Kimya. Kisha nikazitoa zile spika mbili za nyuma ukutani na kuzichomeka mahali pa spika za mbele. Zote mbili zikapiga vizuri, safi kabisa.

Nilikaa sakafuni nikiwa nimeshika spika mapajani. Mdogo wangu alisema zimeungua. Nikajiambia labda alikosea, labda ilikuwa ni amplifaya.

Nikarudisha spika mahali pake. Amplifaya ina kitufe kwenye rimoti cha kujipima: inatoa sauti kama ya maji yanayochemka, spika moja baada ya nyingine, ikizunguka chumba. Nikabonyeza. Shwaa mbele kushoto, shwaa katikati, shwaa kulia, kisha shwaa nyuma ya kichwa cha baba.

"Hiyo hapo!" baba akasema, akigeuza shingo. "Imerudi!"

"Bado, tata. Subiri kidogo."

Kwa hiyo ilikuwa kompyuta. Niliifungua upande wa seting za sauti, nikitegemea kukuta imewekwa itoe sauti ya spika mbili tu. Haikuwa hivyo. Ilijua kabisa kuwa ina spika tano na sabufa. Nikaipima, nayo ikapiga mbele, ikapiga nyuma. Spika nzima, waya mzima, amplifaya nzima, kompyuta nzima, lakini mvua bado inanyesha mbele tu. Kilichobaki ni ile programu ya kuchezea filamu na muziki. Nikapekua seting zake karibu nusu saa, mpaka nikafika ukurasa wenye vitelezi sita vya kuongeza na kupunguza sauti, kila spika na chake. Vinne vilikuwa katikati. Viwili, nyuma kushoto na nyuma kulia, vilikuwa vimeshushwa hadi chini kabisa.

Umeme hauwezi kufanya hivyo. Kitelezi hakishuki chenyewe, wala viwili haviwezi kushuka sawasawa kwa bahati mbaya. Lakini hata hapo sikuelewa. Niliwaza kwamba labda alikuwa anajaribu kitu akasahau. Nikavipandisha vyote viwili.

"Tata, sasa nakuwekea ng'ombe wako."

Baba akaweka kikombe chini, akanyoosha mgongo.

Kengele zikaanza mbele. Kisha, kwa mara ya kwanza, kwato zikapita nyuma yake, na pumzi ya dume mkubwa ikasikika karibu kabisa na sikio lake la kulia. Uso wa baba ukafunguka. Alianza kutaja jina la yule dume, akaishia katikati, kwa sababu nyuma yetu palikuwa na watu wanaongea.

"Kuanzia hapa mpaka kwenye ule mwamba." Hiyo ilikuwa sauti ya mdogo wangu.

"Na haya makaburi?" akauliza mwanaume mwingine, mwenye lafudhi ya Kisukuma.

"Yatahamishwa. Pole pole tu. Mzee haoni."

Nyayo kwenye kokoto. Ndama akalia.

"Na dada yako? Nisije nikajenga vyumba vyangu vya kupangisha, halafu mtu akaja na kesi."

"Dada ameshasaini. Huyo hana shida."

Mkono wangu ulikuwa kwenye kipanya lakini haukufanya kitu. Rekodi ikaendelea. Mle ndani walikuwa wakihesabu hatua kwa sauti, thelathini na moja, thelathini na mbili, na huku mbele ng'ombe wakiingia zizini.

"Rudisha," baba akasema.

Nikarudisha. Akasikiliza tena mpaka kwenye "mzee haoni". Hakuniuliza yule wa kwanza ni nani. Aliniuliza jambo moja.

"Mama, wewe ulisaini?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mdogo wangu alinijia shuleni, kabla ya ile rekodi, na karatasi mbili mkononi. Alisema ni za kumbadilishia tata kadi ya matibabu, kwamba anahitaji ndugu mmoja aweke sahihi. Nilikuwa nimezungukwa na marundo ya mitihani. Alinionyesha kwa kidole pa kusaini, nami nikasaini bila kuacha kuongea na mwalimu mwenzangu. Kila siku nawaambia wanafunzi wasome swali mara mbili.

"Nilisaini, tata," nikasema. "Sikujua ni nini."

Baba akaniambia nimpigie mdogo wangu na nimpe simu.

"Mura, njoo kesho," alisema. "Hapana, siumwi. Njoo."

Alifika Jumapili mchana akiwa na mfuko wa machungwa. Akamwamkia baba shikamoo, baba akaitikia marahaba, kisha akamwambia akae kwenye kile kiti cha katikati. Mimi nilikuwa nimeacha ule ukurasa wa vitelezi ukionekana kwenye TV. Mdogo wangu aliuona kabla hajakaa.

"Nani ameshika hii?"

"Mimi."

"Si nilikuambia uwache?"

"Uliniambia zimeungua."

Hatukuhitaji kuicheza rekodi. Alikaa, akaweka machungwa sakafuni, akaanza kuongea haraka. Kwamba kule hakuna mtu wa kukaa. Kwamba wezi wa mifugo wangemaliza kila kitu. Kwamba wachimbaji wageni wanatafuta vyumba, na ardhi ile isingekaa hivyo hivyo hata tungefanya nini. Kwamba alikuwa anatafuta siku nzuri ya kutuambia.

"Ng'ombe wako wapi?" baba akauliza.

Mdogo wangu akanitazama mimi, kana kwamba ningeweza kujibu badala yake.

"Mura. Ng'ombe wako wapi?"

"Waliondoka, tata. Wiki ile ile niliyorekodi."

Baba aliinua mkono akaupitisha usoni polepole.

"Siku zote hizi," akasema, "nimekuwa nikiwaita."

Mimi ndiye niliyepandisha sauti. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, mengine kwa Kikurya kwa sababu Kiswahili hakikunitosha. Alivumilia mpaka nikachoka. Ndipo nikamuuliza kwa nini hakuifuta ile rekodi, badala ya kushusha vitelezi na kutudanganya kuhusu umeme.

"Sikujua kama maikrofoni za nyuma zinachukua mbali hivyo," akasema. "Nilisikia siku ile naijaribu hapa, tata yuko anaoga. Nilijaribu kuondoa hizo sauti peke yake, nikashindwa. Ningefuta yote angekosa ng'ombe."

Alisema hivyo kama mtu anayeomba ahesabiwe wema, na mbaya zaidi ni kwamba nilimwamini. Alikuwa amemwibia baba ng'ombe akawauza, kisha akashindwa kumnyima sauti yao. Sijui hata leo niweke wapi jambo hilo.

Tulikwenda kijijini wiki iliyofuata, tukakaa mbele ya wazee wa baraza na yule mnunuzi. Alikuwa mtu mpole, alikuja na karatasi zake kwenye bahasha safi. Sahihi ilikuwa yangu, na herufi ya kwanza nimeikunja kama ninavyoikunja kwenye ripoti za wanafunzi. Ningeweza kusema nilidanganywa, na nilisema. Yeye akasema alinunua kwa familia, na familia ilisaini kwa niaba ya mzee mgonjwa. Wazee wakamtazama baba, wakatazama chini. Mwishowe mnunuzi alikubali makaburi yabaki yalipo, na aache njia ya kufika. Hicho ndicho tulichorudi nacho.

Mdogo wangu bado hupiga simu. Tunaongea kuhusu dawa za baba na tarehe za kliniki, kisha tunakata. Karatasi yoyote inayoletwa mbele yangu sasa naisoma hadi nyuma, hata risiti ya dukani, na wenzangu shuleni wanacheka.

Mwaka jana baba alitaka kumtembelea mama yetu. Nilimshika mkono, tukapita kati ya safu mbili za vyumba vya matofali, yeye akipapasa ukuta kwa kiganja chake kingine. Nguo zilikuwa zimeanikwa, na mahali fulani mtu alikuwa akikaanga vitunguu. Mama mmoja kijana, mpangaji, alitoka mlangoni na mtoto kiunoni.

"Shikamoo, baba. Mnamtafuta nani?"

"Marahaba, mwanangu," baba akasema. "Tunapita tu."

Yule mama alitazama tulikokuwa tunaelekea, akaelewa. Aliingia ndani akatoka na kigoda, akatutangulia, akakiweka pembeni ya kaburi na kukifuta kwa khanga yake. Baba akakaa. Akauliza mtoto ana miezi mingapi, akaambiwa saba, na akaomba apewe amshike.