Bi Laini na Marehemu Aliyepiga Simu

Kwa miaka ishirini na sita Bi Laini alikaa mbele ya swichibodi ya ofisi moja kubwa, akiwaunganishia simu watu asiowaona. Jina hilo alipewa huko huko kazini, likamganda mpaka mtaani. Mtu akipiga simu mara moja tu, mwakani akipiga tena alisalimiwa kama ndugu. Kuna siku mkurugenzi mwenyewe alijibana pua, akajifanya mteja mkorofi ili apime adabu ya wafanyakazi wake. Bi Laini alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamwambia kwa upole, "Nimekuelewa, mkurugenzi. Na pole kwa hayo mafua."

Halafu presha ya macho ikamwingia kimyakimya. Kwanza giza lilianzia pembeni, kisha dunia ikabaki kama ya kuchunguliwa kwenye tundu la ufunguo, na mwisho hata tundu lenyewe likazibika. Akastaafishwa kabla ya wakati, akahamia kwa binti yake, muuguzi, na mkwewe, mwalimu wa hesabu.

Hawakumtesa hata kidogo. Walimpenda kupita kiasi, na hapo ndipo ilipokuwa taabu. "Mama, kaa, nitakuletea." "Mama, acha, utaungua." Wageni wakija walimuuliza binti, "Mama anaendeleaje?" ilhali mama mwenyewe kakaa pale pale na masikio yake mawili mazima. Fimbo nyeupe aliyopewa hospitali ilisimama nyuma ya mlango ikila vumbi. Miaka miwili ikapita Bi Laini hajavuka geti.

Kilichomchangamsha ni tamthilia ya "Funguo za Baba", iliyorushwa kila Jumapili saa kumi alasiri. Ilikuwa habari ya mzee mwenye kiwanda cha mbao. Mwishoni mwa msimu wa kwanza gari lake lilitumbukia mtoni, mwili haukuonekana, na tangu hapo watoto wake wanne wakawa wanararuana kugombea kiwanda. Mwalimu ndiye aliyekuwa macho ya mama mkwe. Alikaa kando yake akimsimulia kila kisichosikika, kwa mpangilio, kama yuko ubaoni: "Mlango umefunguka, Mama. Anaingia kaka mkubwa. Mkono wa kulia ana bahasha. Uso kaukunja."

Jumapili moja, mwaka na nusu kabla tamthilia haijaisha, wakili wa ile familia alipigiwa simu. Mtu wa upande wa pili akasema, "Ngoja kwanza. Usikate." Maneno matatu tu, na laini ikafa.

Bi Laini akamshika mkwewe mkono. "Huyo ni baba yao."

"Baba yao yupi, Mama?"

"Wana baba wangapi? Mzee hajafa."

Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. "Mama, yule alizama. Na tulimzika, wewe mwenyewe ulilia."

"Nililia, lakini mlizika jeneza tupu."

"Na sauti je? Mzee alikuwa na sauti nyembamba, huyu ananguruma kama lori."

"Sauti mtu anaweza kuigeuza, lakini pumzi haigeuziki. Yule mzee kabla ya kusema neno humeza mate, halafu huvuta pumzi kwa pua kama anayenusa mchuzi. Na huyu kafanya hivyo hivyo."

Habari ikatoka nje ya nyumba. Fundi viatu wa pale kwenye kona akawa kila akipita dirishani anaita, "Bi Laini, marehemu hajambo?" Naye anajibu, "Hajambo, anakusalimu." Utani wa fundi haukumuuma. Kilichomuuma ni jioni moja alipomsikia binti yake jikoni akimnong'oneza mumewe, "Naogopa, baba. Macho yameondoka, sasa naona na akili inafuata. Nimpeleke kwa daktari?" Bi Laini aligeukia ukuta. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, alijiuliza kama kweli alisikia alichosikia. Aliyemtia moyo ni Mama Pacha peke yake, mwenzake wa miaka mingi pale swichibodi, aliyekaa nyumba ya tano kutoka kwao ila magoti yalikuwa yamemfunga ndani. Alimpigia simu akamwambia, "Shoga, na mimi ile pumzi nimeisikia. Wewe kaza tu."

Ikafika Jumapili ya mwisho. Sebule ikajaa majirani, wengine wamekaa chini, fundi viatu kasimama mlangoni na kofia yake. Bi Laini alikuwa kwenye kiti chake, mikono magotini. Watoto wanne wa marehemu walikutana ofisini kiwandani kutia sahihi ya kukiuza. Kitinda mimba, binti aliyekataa tangu mwanzo, alikuwa analia.

"Kaka mkubwa ameshika kalamu," Mwalimu alisimulia. "Anainama mezani. Anafungua ukurasa wa mwisho."

Kwenye runinga kukawa na ukimya. Ndani ya ukimya ule Bi Laini akasikia mtu anameza mate, kisha pumzi fupi ya puani.

"Amefika," akasema.

"Hapana, Mama, hakuna mtu. Mlango umefungwa, wako wenyewe wanne na wakili, na..." Mwalimu akakwama.

"Mbona umenyamaza? Nieleze."

"Mlango unafunguka, Mama."

"Enhe?"

"Naona viatu. Naona fimbo. Koti lake lile la kijivu..." Sauti ya Mwalimu ilikuwa imekonda kama ya mwanafunzi aliyeitwa mbele. "Mama, ni yeye."

"Ngoja kwanza," mzee akasema kwenye runinga, na sebule ikalipuka. Vigelegele, meza ikasukumwa, kikombe kikaanguka, kofia ya fundi viatu ikagonga dari. Watu walikuwa wanampigia makofi, si yule mzee wa kwenye runinga, bali mama aliyekaa kitini. Mwalimu alipiga magoti mbele yake. "Mama, nimefeli. Nipe sifuri."

"Inuka unisimulie," Bi Laini akafoka, huku anacheka na machozi yanamtiririka. "Na nyinyi kimya! Mzee anaongea, hamna adabu?"

Wakanyamaza wote, watu wazima na ndevu zao. Wakamsikiliza mzee akieleza nani alikata breki za gari lake, wakamsikia kitinda mimba akiita "Baba" kwa sauti iliyokatika katikati, na nusu ya sebule ikapenga kamasi. Muziki wa mwisho ulipoanza, simu ya Bi Laini ikalia. Mama Pacha hakusubiri hata salamu.

"Shoga! Shoga wee! Umewamaliza! Njoo hapa nikukumbatie!"

"Nakuja," Bi Laini akasema.

Binti yake akaruka. "Ngoja nivae viatu nikupeleke, Mama."

"Nimesema nakuja. Sijasema naletwa." Alikuwa ameshasimama. "Nipeni fimbo yangu."

Binti aliileta mwenyewe, akaifuta vumbi kwa khanga, lakini hakuiachia. "Mama, siku ile jikoni..."

"Nilisikia."

"Nisamehe, mama yangu."

"Nilikusamehe siku ile ile. Sasa nipishe, watu wananingoja."

Akatoka. Mtaa ulikuwa na jua la alasiri, aliliona kwa mashavu. Akagusa ukingo wa mtaro kwa fimbo, akaufuata. Geti la kwanza, mbwa. La pili, redio. Akakanyaga changarawe asiyoijua, akasimama, akapapasa, akaendelea. Nyuma yake mtaa mzima ulikuwa umetoka kumwangalia na hakuna aliyethubutu kumsogelea, maana Mwalimu alikuwa amenyoosha mikono kuwazuia wote, akiwemo mkewe. Kwenye geti la tano Bi Laini akagonga.

"Umekuja na nani?" Mama Pacha aliuliza, mikono tayari shingoni mwake.

"Nimekuja na miguu yangu."

Wakashikana, wakalia, wakacheka, wakatukana breki na aliyezikata. Mama Pacha alitaka kuanza kulichambua jambo zima tangu mwanzo, lakini Bi Laini alimkalisha.

"Marudio yanaanza saa kumi na mbili," akasema, akipapasa rimoti kwenye kochi. "Tunamsikiliza tena. Na safari hii, shoga, usinisimulie kitu."