Ndoo ya rangi ya mabakuli

Mi nina hasira bado, na ni juu yangu mwenyewe. Mabakuli ya harusi ya mutoto wangu, niliyofinyanga kwa gurudumu, yalikuwa yanangoja tanuri. Ndoo ya rangi yao, ninayotengeneza na majivu na udongo mweupe, ikapotea. Ilibaki ya chokaa tu. Nikaibeba mupaka kanisani, kwenye jirani yangu Mama Zawadi alikuwa anasali, maana juzi aliingia kwangu kuomba chumvi.

“We mwizi! Umebeba rangi, ukaniachia chokaa! Na unashika rozari?”

Wamama wa sala wakasogea. Mama Zawadi akachungulia ndoo.

“Mama Divine, chokaa tuliyokupa ya kupaka kanisa si hii? Sasa jana ukuta uliupaka na nini?”

Wote tukageuka. Ukutani, rangi yangu ya mabakuli ilikuwa inabanduka.