Kiti Kando ya Babu

Harufu ya makoti yaliyolowa theluji, yanapoanza kukauka kwa joto la hita, hunirudisha ndani ya basi moja la mjini Louisville, Marekani. Sasa naishi Columbus na nina gari langu dogo, lakini nikiingia dukani wakati wa baridi nyuma ya watu waliolowa, bado hujikuta natafuta nguzo ya kushika. Kisa hiki nimekizungukazunguka miaka mingi, nikikisimulia kwa namna inayonipendeza. Wewe msomaji hunijui, kwa hiyo pengine kwako nitaweza kukisema sawasawa.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Hatukuwa tumemaliza mwaka wa pili tangu tutoke kambi ya wakimbizi, na nyumbani mimi ndiye niliyekuwa waziri wa usafiri. Hakuna aliyenifundisha. Nilikaa kwenye kompyuta za maktaba hadi nikajua kila basi linapita wapi na linakutana na lipi. Baba alijivuna kanisani, "Huyu mtoto, mumutupe popote, atarudi." Nami nilikuwa mtoto wa kutaka kila kitu kisiwe na doa, nikikosea herufi moja, nilichana ukurasa mzima.

Majira yale ya baridi babu, mzazi wa baba, alikuwa anapoteza macho. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili. Alitutambua kwa sauti na kwa mwendo wetu. Tulingoja miezi kupata nafasi kwa daktari wa macho upande wa Jeffersontown, na siku ilipofika, kiwandani wakamwambia baba lazima afanye ovataimu. Ikabidi mama atusindikize, na mimba yake ilikuwa imeshakuwa kubwa.

Kwetu milimani, Kivu ya Kusini, mke hakai karibu na baba mkwe wake. Hawapeani mikono, hawaketi pamoja, na kiti alichokikalia mzee, mkaza mwana hakikalii. Si chuki. Mama alimpikia babu kila siku, na babu aliisifu sombe yake ya majani ya muhogo kwa kila mgeni. Ila sahani niliipeleka mimi. Nyumbani sikuiona desturi hii, kama vile mtu asivyouona ukuta aliouzoea. Katika mipango yangu yote ya safari haikunijia akilini hata kidogo.

Basi la kwanza lilikuwa tupu. Babu alikaa mbele, mama akaenda nyuma kabisa, nami sikujiuliza kwa nini. La pili lilikuja limejaa. Palibaki kiti kimoja tu cha watu wawili, pale mbele. Nikamkalisha babu dirishani, nikamgeukia mama na kumwonyesha nafasi iliyobaki kando yake, kwa fahari kama ya mwenye nyumba. Mama akatikisa kichwa, akashika nguzo.

Barabara ilikuwa na utelezi. Basi lilipofunga breki kwenye taa, mama aliyumba, nusura aanguke. Kituoni dereva akafungua mlango, akasema mama mjamzito akae, vinginevyo haondoki. Watu wakageuka. Hakuna aliyempisha, wala siwalaumu. Kiti kilikuwa wazi mbele yake. Mwanamke mmoja aliyeketi ng'ambo ya njia akakipigapiga kile kiti kwa kiganja, akitabasamu, kama anayembembeleza mtoto. Nyuma yangu walikuwepo wasichana wa shule yetu. Nikawasikia wakicheka.

Nikamwambia mama kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika na wote, akae tu, ananitia aibu.

"Siwezi, mama," akajibu polepole, akiniita hivyo kama akina mama wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Ule ni baba."

Sentensi moja ingetosha. Ningemwomba yule mwanamke ahamie kando ya babu, mama akae pake. Nilikuwa nayo mdomoni, imeshapangika vizuri, bila kosa. Lakini angeniuliza kwa nini, na sababu yenyewe ningelazimika kuisema mbele ya wale wasichana. Nikatazama juu, nikajifanya nasoma matangazo.

Babu akainuka, akipapasa migongo ya viti. "Bon, sawa," akasema, "mama ya batoto akae."

Nilidhani anakwenda kusimama karibu na dereva. Upepo wa baridi ukaingia, mlango ukafungwa, basi likaondoka, na dirishani nikaona kofia yake ikibaki nyuma. Nikamgeukia mama. Hakuwa amekaa. Kiti kilikuwa kitupu chote, na yeye bado ameshika nguzo, akilia huku akitazama nje.

Nilivuta kamba ya kengele, lakini kituo kilichofuata kilikuwa mbali, ng'ambo ya daraja. Tulirudi kwa miguu kando ya magari, mama ameshikilia tumbo kwa mikono miwili. Babu alikuwa palepale aliposhukia, mkono kwenye mlingoti wa kituo, theluji mabegani. Mama akasimama mbali kidogo, akavua shali yake, akanipa nimfunike.

"Muulize baba kama miguu yake iko sawa."

Babu alikuwa amemsikia, lakini akangoja hadi nikarudia. "Mwambie miguu iko. Macho ndiyo yametangulia kwa daktari, yanatungojea huko."

Daktari hakutungojea. Tulipewa siku nyingine, baada ya Pasaka. Mdogo wangu alizaliwa kabla ya siku hiyo, na babu akaujua uso wa mjukuu wake kwa vidole.

Jioni ile baba aliuliza kilichotokea. Nilikuwa nimeshaandaa uongo wangu, lakini babu akaniwahi. "Ni mimi nilishuka mubaya. Macho haya." Mama aliendelea kusonga ugali. Baba akanisifu kwa kumpata mzee, nami nikazipokea sifa zile, nikala.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba babu alikuwa anaificha aibu yake, ya kipofu aliyepotea. Ni ukubwani nilipoelewa kwamba alisikia sauti niliyomsemea mama, na Kiingereza hakikumzuia kuielewa; aibu aliyoificha ilikuwa yangu. Mle ndani tulikuwa watatu wa kwetu. Wawili walilindana bila hata kutazamana. Mwenye maneno nilikuwa mimi.