Vidole vya Amiri

Sogea karibu, mwanangu, wewe unayeanza uuguzi, nikueleze kazi ambayo mimi nilipoanza hatukuijua hata jina.

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha kukusanyia seli shina, mvi zilikuwa zimeshaota. Nilikuwa nimepita wodi za hapa Lushoto, nikahamishiwa Tanga, kisha nikapelekwa hospitali kubwa ya mbali. Matroni alinionyesha mashine, kiti kirefu cha mgonjwa, na kando yake kiti kidogo cha plastiki.

"Hicho chako," alisema. "Mashine inajiendesha. Kazi yako kukaa."

"Kukaa tu, Matroni?"

"Hiyo 'tu' utaniambia jioni."

Ngoja nikufafanulie. Saratani ya mitoki, zile tezi za shingoni na makwapani, ikirudi baada ya matibabu, hupigwa kwa dawa kali mno. Dawa hizo huua saratani, lakini huua pia uboho, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Kwa hiyo kwanza tunakusanya seli shina, ambazo ndizo mbegu za damu, tunazigandisha, na baadaye tunamrudishia mwenyewe ziote upya. Mkulima hawezi kuchoma shamba kabla hajaweka mbegu pembeni.

Mgonjwa huchomwa sindano kwa siku kadhaa ili mbegu zitoke mifupani ziingie kwenye damu. Mifupa huuma kweli, usimwambie haiumi. Kisha damu hupitishwa kwenye mrija wa shingoni mpaka mashineni, ikazungushwa kwa kasi, ikajitenga tabaka tabaka kama maziwa yanavyoacha malai juu. Tabaka la mbegu linaingia mfukoni, damu nyingine inarudi mwilini.

Ni kazi ya upweke. Mgonjwa hasogei, ndugu wako nje, kama wapo. Mnabaki wawili na mlio wa mashine kutwa nzima. Akimaliza anaingia wodi ya kutengwa, wanampokea wengine. Wengi sikuwaona tena.

Amiri alikuja peke yake. Alikuwa mkulima wa huku kwetu milimani. Mkewe alibaki na mtoto wao mchanga, Zaina, na shamba la karoti. Daktari bingwa alimweleza waziwazi: mbegu zisipotosha, hakuna upandikizaji, na dawa nyingine za kumponya hazikuwa zimebaki. Aliposikia lafudhi yangu alifurahi.

"Baba, karoti za mji huu zimetoka wapi? Zimechoka kuliko mimi."

Tukacheka. Baadaye akanyamaza, nami nikadhani anasinzia. Daktari na Matroni wakaingia.

"Habari yako, Amiri?"

"Nzuri, daktari. Shikamoo."

"Marahaba. Unaendeleaje?"

"Salama kabisa."

Daktari akainama kusoma mashine. Mimi nikaona blanketi linacheza usawa wa mikono.

"Amiri, nyoosha vidole."

"Niko vizuri, baba."

"Sijakuuliza hali. Nyoosha."

Akaitoa mikono. Vidole vilikuwa vimejikunja kama vya kuku aliyechinjwa, na havikunyooka.

Dawa inayozuia damu isigande mashineni hunasa kalsiamu ya mwilini. Midomo huanza kuwasha, vidole hukakamaa, na ikiachwa hufika kwenye moyo. Daktari alipunguza mwendo wa mashine palepale, Matroni akaleta kalsiamu. Nikamuuliza kwa Kishambaa ilianza lini.

"Tangu asubuhi."

"Mbona kimya?"

"Wakubwa wamesimama wananijulia hali, baba, niwajibu midomo inawasha? Tena mngezima mashine. Ningerudi kwa mama Zaina na nini?"

"Hatuzimi," daktari alisema. "Ukisema mapema tunapunguza mwendo. Ukinyamaza ndipo utatulazimisha kuzima."

Matroni akamfunika vizuri. "Shikamoo yako tumeipokea, mwanangu. Sasa lete na maumivu."

Siku hiyo mbegu za mfukoni hazikutosha. Kesho yake alirudi kitini, na kila midomo ilipowasha alisema, mpaka Matroni akamtania kwamba sasa amezidi. Jioni maabara wakatuambia zimetosha. Alipoingia wodi ya kutengwa nilisimama nyuma ya kioo. Hatukuweza kusikiana. Akainua mkono, akafungua vidole, akafunga.

Sasa nimestaafu, niko hapa Lushoto. Mke wangu alishatangulia, watoto wako mbali. Ukungu ukishuka nyumba inakuwa kimya, na mimi niliyezoea kukaa na mtu sina wa kukaa naye.

Juzi sokoni mtu mwenye kikapu cha karoti aliniinamia. Alikuwa amenenepa, nilimtambua kwa kovu la mrija shingoni.

"Shikamoo, baba. Habari za nyumbani?"

"Marahaba. Nzuri tu."

Amiri alinitazama, akatua kikapu chini.

"Baba, nyoosha vidole."

Akanibebea mfuko wangu mpaka nyumbani, akakaa jikoni mpaka chai ya pili ikapoa.

Kesho ukiingia zamu, msalimie mgonjwa, maana salamu ni haki yake, lakini ile "nzuri" usiiandike kwenye faili. Vuta kiti, kaa, mwambie anyooshe vidole vyote, na umtazame mpaka amalize.