Mastura Huacha Namba Moja ya Zamani

Ni saa tatu asubuhi, na Mastura binti Yunus ameinamia saa iliyoogeshwa dawa ya kupe.

Mwenye saa, Mzee Kija, mfugaji wa Bujora, amekaa kwenye kigoda mbele yake kama mtu aliyemleta mgonjwa hospitali. Wiki iliyopita alikuwa akisukuma dume jeuri kwenye josho, mkanda ukakatika, saa ikatangulia kuoga. Dume lilitoka safi. Saa ilitoka na uso umejaa malengelenge, namba zimebanduka, na harufu ambayo hadi leo inafukuza nzi kibarazani.

"Kupe hataipata tena, babu," anasema Mastura bila kuinua kichwa. "Hilo nakuhakikishia."

"Cheka tu, mwanangu. Ila nataka namba zote mpya. Uhuru ni mwezi ujao, sitaki kitu cha kizee mkononi."

"Na mkono wenyewe je? Nao tuupake rangi?"

Mzee Kija anacheka mpaka anakohoa. Lakini Mastura anapomsogezea saa aonyeshe kwa kidole namba moja ya kuachwa kama ilivyo, anagoma. Mastura naye anagoma. Katika kibaraza hiki, nyuma ya soko la Mwanza, hakuna uso wa saa unaopakwa upya wote. Namba moja hubaki ya zamani, hata kama imefifia, hata kama mwenyewe analia.

Kibao cha juu kimeandikwa ALLY SHAIBU FUNDI SAA, na ni kweli nusu. Ally, mume wa Mastura, ndiye anayefungua saa, anayesafisha mashine na kurudisha mishale. Nyuso ni za mkewe. Kabla ya ndoa Mastura alikuwa mpambaji wa maharusi, na mtu aliyezoea kuchora ua la piko kwenye mguu wa bibi harusi anayetetemeka hawezi kubabaishwa na namba ya saa, ambayo angalau haina mashangazi wa kuiingilia. Brashi yake ni nywele chache za mkia wa ndama zilizofungwa kwenye kijiti.

"Nilimuoa kwa ajili ya sura," anasema Ally, "nikakuta na mkono upo."

"Mimi nilimkubali kwa ajili ya duka," anajibu Mastura. "Nikakuta ni meza."

Juu ya meza hiyo, kwenye msumari, inaning'inia saa ambayo haiuzwi wala haitengenezwi. Uso wake ni mweupe kama ganda la yai, namba zake nyembamba, zimejipanga kama watoto wa shule mbele ya mkaguzi. Mastura anasema hajawahi kuchora uso mzuri kuliko huo. Kila asubuhi, kabla ya chai, huitia ufunguo. Amefanya hivyo kwa miaka saba.

Saa hiyo ni ya marehemu Antoni, msuka nyavu wa Nansio. Mwaka 1954, matanga yalipokwisha, mjane wake, Mama Paskazia, alivuka nayo ziwa na kuikabidhi. Ilikuwa imepasuka rangi na kuota ukungu. "Isafisheni vizuri," aliwaambia, "ing'ae. Mwanangu Venant akikua ataivaa."

Waliisafisha vizuri. Hapo ndipo kosa lilipokuwa.

Mama Paskazia hakujua kusoma namba. Saa ya mumewe aliijua kwa doa moja la kahawia, la ukubwa wa mbegu ya papai, lililoota kando ya namba nne siku Antoni alipotumbukia nayo ziwani. Aliporudi kuichukua, akaigeuza huku na huku, doa hakuliona. Aliona uso mgeni unamkodolea macho.

"Hii ya nani?" aliuliza.

"Yako, mama," alisema Ally, akitabasamu kwa fahari.

Tabasamu hilo liliwagharimu. Mama Paskazia alipiga kelele soko zima likasikia: wamembadilishia, wamemla marehemu hadi saa yake. Aliitupa mezani. "Kaeni nayo! Siku mkiikumbuka ya mume wangu, mtaniletea."

Kufikia jioni wateja walikuwa wamekuja kuchukua saa zao, hata zile zilizokuwa bado vipande vipande. Mwaka ule mzima nyumba iliishi kwa vitumbua vya Mastura. Ally alifunga safari hadi Nansio kwenda kumbembeleza mjane. Alipokewa kwa mwiko wa ugali, na si kwa kulishwa.

Wateja walirudi polepole, na tangu hapo Mastura huacha namba moja, ili mtu akiitazama saa yake wajuane. Dada wa hospitali aliomba aachiwe namba ya saa aliyozaliwa mwanawe. Utingo wa kivuko cha Busisi aliomba ya saa ya chakula.

Lakini saa ya Antoni ilibaki msumarini. Doa lake liko palepale, chini ya rangi, kwa sababu Mastura alitangulia kupaka vanishi, rangi mpya isishikane na ya zamani.

"Ningeweza kulifukua," anasema. "Lakini nikilifukua mwenyewe hayupo, si atasema nimemchorea? Na tuseme ukweli, kila nikishika wembe, mkono unakataa. Ule uso ni mzuri, jamani."

Anasema hayo akiwa na saa ya Mzee Kija kiganjani, na kabla hajaendelea, kivuli kinaanguka mezani. Ni mwanamke mrefu mwenye kitambaa cheusi kichwani na kikapu cha dagaa wakavu, ametoka kwenye meli ya Nansio. Ally anasimama kwa ghafla na kuangusha koleo.

"Shikamoo, Mama Venant," anasema Mastura.

"Marahaba." Mama Paskazia haketi. "Sikuja kugombana. Venant anaoa mwezi ujao. Kila siku ananiuliza saa ya baba iko wapi, nimechoka kumdanganya. Nipeni hiyo yenu. Hata kama si ya baba yake, kijana asiende kanisani mkono mtupu."

Ally, ambaye miaka saba yote ameomba saa hiyo iondoke, anaitoa msumarini haraka. Mastura anamshika mkono.

"Kwa maneno hayo haitoki," anasema. "Mama, kaa. Babu, mpishe mama kigoda."

Mzee Kija anapisha. Mastura anamwambia mumewe aifungue saa. Kifuniko kinatoka, mishale inatoka, na ule uso mweupe unalala juu ya kitambaa. Mastura anachukua kipande cha wembe.

"Mke wangu," Ally ananong'ona, "hiyo ndiyo kazi yako bora."

"Naijua. Nyamaza, utanitetemesha."

Anakwangua kando ya namba nne, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto kibanzi jichoni. Unga mweupe unamwagika. Nne yake nzuri inapoteza mguu, kisha mgongo, kisha haipo tena. Mama Paskazia anainama. Mzee Kija naye anainama, na harufu ya josho inawafunika wote, lakini hakuna anayeziba pua.

Chini ya weupe kunatokea rangi ya maziwa yaliyochacha. Kisha nne nyingine, nene, ya zamani. Kisha, kando yake, ncha ya kitu cha kahawia.

Mama Paskazia anaziba mdomo kwa mkono.

"Chunjua!" anasema. "Chunjua la Antoni! Nilikuwa namwambia, wewe mwanaume, hata saa yako imeota chunjua kama la shavuni kwako." Anacheka huku machozi yanadondokea samaki. "Mlikuwa mmelificha wapi, nyinyi watu?"

"Ulisema ing'ae, mama," anajibu Mastura, akipuliza unga uliobaki.

Ally anarudisha mishale na kufunga. Mama Paskazia anaiweka saa sikioni, anakunja uso. "Inatembea. Nani alikuwa anaitia ufunguo?"

Ally anamtupia mkewe jicho. Mama Paskazia naye anamgeukia Mastura, kisha anashusha kikapu na kumimina samaki wote mezani, juu ya vifaa, juu ya mishale, juu ya saa ya Mzee Kija.

"Sasa ndiyo imekamilika," anasema Mzee Kija. "Josho na dagaa." Anaivuta saa yake, anaitazama kidogo, kisha anaweka kidole kwenye sita iliyonusurika. "Niachie hii, mwanangu."

Wageni wanapoondoka, Ally anatazama msumari mtupu, kisha kibao. Anataka kukipaka upya kabla ya sherehe za Uhuru, safari hii na majina mawili: Ally na Mastura. Brashi atashika nani, hilo halina mjadala.

"Sharti ni lilelile," anasema Mastura, akimsogelea na kumfuta magamba ya dagaa begani. "Onyesha kwa kidole. Nikuachie herufi ipi?"