Salamu za Alasiri kwa Mzee wa Dover

Dada yangu alipohamishiwa kazi Dover, nilidhani wamemdanganya. Alikuwa ameishi Lowell, jimbo la Massachusetts huko Marekani, miaka minane akitunza wazee, na wakala wake alimwambia sasa anapelekwa mji wa matajiri. Siku ya kwanza alinipigia video akiwa njiani, akageuza simu ili nami nione. Niliona miti. Halafu ukuta mfupi wa mawe yaliyopangwa bila saruji, halafu miti mingine.

"Matajiri wenyewe wako wapi?" nikamuuliza.

"Wako ndani huko. Nyumba zao hazionekani kutoka barabarani. Duka nimeona moja tu, la dawa."

Mimi nilikuwa Doha, mtaa wa Abu Hamour, nikimtunza bibi mmoja wa Kikatari aliyevunjika nyonga. Utajiri niliouzoea ulikuwa wa kuonekana. Mwanawe mkubwa alipotupeleka Lusail kupunga upepo, bibi akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, tulipita kati ya majengo ya vioo mpaka shingo ikaniuma kwa kutazama juu. Nilijua Marekani lazima iwe hivyo mara mbili. Jina la Dover sikuwahi kulisikia, na dada mwenyewe, aliyeishi mwendo wa saa moja kutoka huko, hakuwa amelisikia pia.

Mgonjwa wake alikuwa mzee mjane wa karibu miaka tisini, aliyewahi kuwa mhandisi wa madaraja. Alivaa sweta yenye viraka viwikoni. Kiti alichopenda kilikuwa kimechanika, sifongo inachungulia. Majira ya baridi alikataa kuongeza joto la nyumba, hivyo dada alifanya kazi na soksi mbili mbili.

"Na msitu wote huo unaouona dirishani ni wake," dada aliniambia. "Majirani nao ni hivyo hivyo. Jana nimemwona mama mmoja, viatu vimepasuka, nikamhurumia. Kumbe ndiye mwenye farasi wote wa upande huu."

Saa kumi alasiri ya Doha, wakati wa baridi, kwao ni saa mbili asubuhi. Saa hiyo bibi alikuwa amemaliza kusali, nimemketisha sebuleni na chai yake ya maziwa na iliki, na dada naye anamwandalia mzee kifungua kinywa. Tulizoea kupigiana wakati huo, mimi nimekaa zuliani nikimkanda bibi miguu.

Siku moja bibi akauliza, "Unaongea na nani kila siku?"

"Dada yangu, Mama. Anamtunza mzee huko Marekani."

"Nionyeshe huyo mzee."

Dada alimwomba mzee ruhusa, naye akasema hana neno. Bibi akasema, "Ngoja kwanza." Akanituma chumbani nimletee barakoa yake, ile ngumu ya rangi ya dhahabu ambayo bibi wa rika lake bado huivaa mbele ya wanaume wasio ndugu zao. Nikaifunga kamba kisogoni, nikamnyooshea mtandio, ndipo nikainua simu.

Wakatazamana. Mzee alikuwa ameshika kijiko cha uji na hakujua akiweke wapi. Bibi akasalimu kwa Kiarabu chake cha Ghuba, mimi nikamwambia dada kwa Kiswahili, dada akamwambia mzee kwa Kiingereza, na jibu likarudi kwa njia ile ile. Salamu peke yake zilikula dakika kumi, kwa sababu bibi aliuliza afya, akauliza usingizi, akauliza watoto na watoto wa watoto. Mzee alijibu kila swali kwa makini, kama mtu aliye mbele ya hakimu. Watoto wake ni watatu. Mmoja yuko California, mmoja London, mmoja Chicago.

"Hapo mezani anakula na nani?" bibi akauliza.

Dada akasita. "Mwambie anakula mwenyewe. Mimi nakula baadaye, jikoni."

Nikatafsiri. Nyumbani kwake siku ya Ijumaa viatu vilijaa mlangoni mpaka unakosa pa kukanyaga, na kelele za wajukuu zilisikika nje ya geti. Simu ilipokatika akavua barakoa, akajifuta uso.

"Maskini," akasema. "Hana watu. Nguo zake zina viraka, hata kiti hana."

"Mama, ni tajiri yule. Ule msitu nyuma yake ni mali yake."

"Tajiri gani anakula peke yake?"

Nikarudi kumkanda miguu.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Hata chai haijapoa, bibi ananiambia, "Mpigie yule mzee wenu." Walizungumza habari ndogo ndogo. Mzee anamwonyesha bibi theluji kwenye ukuta wa mawe, bibi anamwonyesha mlimau wake wa kwenye ndoo. Siku moja mzee aliuliza nyonga yake inaendeleaje, akasema naye anayo ya chuma, akagonga pajani kuthibitisha.

Lakini bibi hakuacha wazo lake. Alimwita mwanawe mkubwa, mtu mzima mwenye mvi, akamwambia kuna maskini Marekani anayekufa kwa baridi, amtafutie farwa. Farwa ni joho refu zito lenye manyoya ndani, wanalovaa wakienda kulala jangwani msimu wa baridi. Mwanawe alicheka, akanitazama mimi nimwokoe. Nikainamisha macho. Wiki ikapita, akaona mama yake hatanii, akaleta farwa moja. Bibi akaipapasa, akasema ni nyepesi, rudisha. Ya pili akaikubali, ikatumwa.

Joho lilipofika Dover, dada alimvisha mzee mbele ya simu akiwa amesimama, likamfika kwenye vifundo vya miguu. Mzee akauliza kwa nini mama huyu amempa zawadi kubwa namna hii. Dada akanigeukia, kwa Kiswahili, "Nimwambie nini mimi?"

"Mwambie ukweli. Ila taratibu."

Akamwambia. Nilimwona mzee akiinua mkono wa joho, akayapapasa manyoya, akautazama mkono wake mwenyewe unaotoka humo. Halafu akacheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika na dada akawa anampigapiga mgongoni. Bibi, ambaye hajatafsiriwa chochote, naye akacheka, mabega yanatikisika. Mzee alipopata pumzi alisema neno ambalo dada alichelewa kuniambia.

"Anasema bibi tusimsahihishe."

Kesho yake dada alipiga mapema, anaongea chini chini.

"Jana jioni amekataa kula," akasema. "Kaniambia nilete sahani yangu. Nikamwambia, mzee, nina kazi jikoni. Akasema basi atangoja."

"Ukafanya nini?"

"Nikaleta. Miezi saba ninaifuta ile meza, sijawahi kuikalia. Na chakula chenyewe kilikuwa supu ya kopo, mdogo wangu. Lakini tumekaa saa nzima ananieleza madaraja yake, moja moja, hadi lile alilokosea vipimo likabomolewa kabla ya kufunguliwa. Anasema hilo watoto wake hawalijui."

Alikuwa analia kidogo. Nilimwacha alie. Miaka mitatu nilikuwa nikila kwenye sinia moja na bibi. Miezi ya kwanza nilikuwa nikijibana ukingoni, nachukua wali kwa ncha za vidole, mpaka alipoanza kunisogezea nyama upande wangu bila kunitazama. Hilo sikuwahi kumwambia dada. Niliona aibu kuonekana nimepata bahati kuliko yeye aliye Marekani.

Majira ya machipuo bintiye wa California alikuja kumtembelea, akamkuta baba amevaa joho na mfanyakazi wake anamsomea gazeti mezani. Mzee alimwita kwenye simu. Bibi alimhoji binti kama alivyomhoji baba, kisha akamwambia, "Baba yako anapenda kusimulia. Kaa naye." Binti alisikiliza tafsiri ikipita midomo miwili, akaitikia kwa kichwa.

Mwezi wa sita binti alimchukua mzee akaishi naye California. Siku ya mwisho mzee na bibi waliagana kwa kirefu, wakaombeana dua kila mmoja kwa dini yake, na dada akarudi Lowell kungoja mgonjwa mwingine.

Mzee alifariki kabla ya mwaka kwisha. Nilikaa na habari hiyo siku mbili. Nilipomwambia bibi alikuwa ameshika kikombe, akakiweka chini.

"Alikuwa na watu?"

"Alikuwa kwa binti yake, Mama. Wote watatu walifika."

"Alhamdulillahi," akasema. Akaomba nimpeleke nje, tukakaa barazani mpaka adhana ya magharibi.

Mwaka huu dada alikuwa akienda nyumbani Voi, na ndege yake ilitua Doha, angoje ya pili kwa saa tisa. Pasi yake ya Kimarekani ilimruhusu kutoka uwanjani. Hatukuwa tumeonana ana kwa ana miaka kumi. Tulikumbatiana mpaka dereva wa bibi akajifanya anakagua tairi. Amenenepa kidogo, na anatembea kama mama yetu.

Nilimfikisha Abu Hamour, nikamketisha karibu na bibi. Bibi alimshika mashavu kwa mikono miwili, akamtazama kwa muda mrefu. Nikawatafsiria dakika chache, kisha nikaenda jikoni kutengeneza kahawa, nikijua nawaacha bila mkalimani.

Niliporudi na trei, dada alikuwa amekaa zuliani, mguu wa bibi uko pajani kwake, anamkata kucha za vidole kwa mkasi mdogo uliotoka kwenye mkoba wake. Bibi alikuwa akisimulia jambo kwa Kiarabu, taratibu, na dada anamjibu kwa Kiswahili, "Ehee, Mama. Kisha ikawaje?" Nikaweka trei chini bila kelele, nikakaa kando yao.